Asali Ikiganda, Usikimbilie Kulaumu

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikisoma gazeti, mara nikasikia ugomvi nyumba ya pili. Jirani yangu, mama wa makamo na mtu wa heshima zake, alikuwa amemkamata kijana mmoja anayepita mitaani akiuza asali. Mkononi ameshika chupa. Nusu ya juu ya asali ilikuwa laini, na nusu ya chini imeganda, nyeupe, chembechembe kama sukari guru iliyosagwa.

"Hii ni sukari umechemsha ukaniuzia!" mama alikuwa akisema. "Mimi mtu mzima, unanifanya mtoto?"

Kijana alijitetea. "Mama, Mungu ndiye shahidi wangu. Asali hii ametoa baba mkubwa mwenyewe, Sikonge. Mimi nimeijaza tu kwenye chupa."

Watu walishakusanyika, na mnajua mambo ya uswahilini: mwizi akishatajwa, ushahidi hautafutwi tena. Kijana akaona salama yake ni kurudisha fedha. Akazihesabu, akazitoa, akaondoka na ndoo yake kichwani. Chupa aliiacha pale pale kibarazani. Nani mwingine angeinunua baada ya aibu ile?

Watu walipotawanyika nikamwuliza jirani yangu, "Mama, chupa hii ulikuwa ukiiweka wapi?"

Akanijibu, "Kwenye friji, mwanangu. Ili isiharibike."

Wiki hii basi, ndugu wasikilizaji, ningependa tuzungumze juu ya asali na vitu vingine vitokavyo mzingani. Nimechagua jambo hili kwa sababu sisi wanunuzi wa mjini tunatoa hukumu kila siku juu ya asali, na hukumu zetu zinafika mbali, mpaka msituni kwa yule aliyepanda mti usiku na moshi mkononi. Tukihukumu kwa kutojua, yeye ndiye anayelipa faini.

Kwanza, asali ni nini? Nyuki anapotua kwenye ua hanyonyi asali. Ananyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua. Mbochi huo ni maji kwa sehemu kubwa. Nyuki huubeba katika kifuko kilichomo tumboni mwake, na akifika mzingani humpa mwenzake, naye humpa mwingine. Katika kupokezana huko huutia vimeng'enya vinavyobadili aina ya sukari iliyomo. Kisha huuweka katika vitundu vya sega na kuupepea kwa mabawa hadi maji yapungue. Maji yakishapungua mpaka kiasi cha asilimia 20 au chini ya hapo, nyuki hukifunika kitundu kwa nta nyembamba. Hapo ndipo asali imeiva. Kazi hii ni kubwa mno: inakadiriwa kwamba nyuki mmoja, katika maisha yake ya wiki sita hivi wakati wa msimu wa kazi, hutengeneza asali isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya kijiko cha chai.

Sasa, katika asali iliyoiva mna sukari za aina mbili hasa. Moja ni fruktosi, nyingine ni glukosi. Fruktosi hukaa vizuri ndani ya maji. Glukosi haikai vizuri. Ikizidi kile ambacho maji machache yaliyobaki yanaweza kukibeba, hujitenga na kufanya chembechembe. Huko ndiko kuganda. Asali itokayo kwenye maua yenye glukosi nyingi huganda upesi. Nyingine hukaa miezi mingi ikiwa laini. Baridi huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana asali ya nyanda za juu huganda mapema kuliko ya pwani, na ndiyo maana chupa ya jirani yangu iliganda ndani ya friji. Asali haihitaji friji hata kidogo. Inahitaji chombo kikavu, kifuniko kinachobana, na kabati lisilopigwa na jua.

Iliyoganda haijaharibika. Weka chupa katika sufuria yenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, uyabadilishe yanapopoa, na baada ya saa chache asali itarudi kuwa laini. La kuepuka ni kuichemsha. Moto mkali huua harufu yake, huitia weusi, na huharibu vile vimeng'enya ambavyo nyuki waliviweka.

Hapa ndipo kosa letu linapoanza kuzaa makosa mengine. Mchuuzi akishajifunza kwamba watu wa mjini hawataki asali iliyoganda, atafanyaje? Ataichemsha kabla ya kuileta, ili ikae laini muda mrefu. Kwa hiyo yule anayekataa asali nzuri kwa sababu imeganda, kesho yake atauziwa asali iliyopikwa, naye atafurahi kwamba safari hii amepata "yenyewe". Tumemfundisha mchuuzi kutuharibia chakula, tena kwa fedha zetu.

Wapo watakaosema, "Lakini mbona tuna njia zetu za kuipima?" Naam, tunazo, na nyingi hazifai. Wengine huchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha. Ikiwaka wanasema ni safi. Njiti hiyo inaonyesha tu kwamba maji si mengi. Shira nzito ya sukari nayo ina maji machache. Wengine huitazama kama inazama moja kwa moja katika glasi ya maji. Shira nzito nayo huzama. Wengine husema asali ya kweli hailiwi na sisimizi. Muulize mfugaji nyuki yeyote kama sisimizi na siafu hawaijui njia ya mzingani. Wanaijua sana, na ni miongoni mwa maadui zake wakubwa.

Kuitambua asali iliyochanganywa na sukari ya miwa kwa uhakika ni kazi ya maabara. Huko wataalamu hupima kaboni iliyomo, kwa kuwa miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na ile ya miti mingi inayotembelewa na nyuki, na tofauti hiyo huacha alama. Sisi huku mtaani hatuna maabara. Tulicho nacho ni macho, pua na uhusiano wetu na muuzaji.

Kwa macho na pua tazama hivi. Asali yenye povu jingi, inayosukuma kifuniko na kunuka kama pombe, imechacha. Ilitolewa kabla haijaiva au iliingiwa na maji. Asali inayonuka moshi ilirinwa kwa kuwasha moto mwingi mno mzingani. Asali yenye ukungu mweupe kama maziwa na ladha ya uchachu huenda ilikamuliwa pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Rangi peke yake haisemi kitu. Iko asali nyeusi nzuri na nyeupe nzuri, kwa kadiri ya maua. Zaidi ya hayo, mnunulie mtu unayeweza kumpata tena, au nunua iliyofungashwa, yenye jina la mzalishaji na alama ya Shirika la Viwango. Mtu anayejua utarudi hana faida ya kukudanganya.

Sasa tutoke mjini, twende inakotoka. Katika nchi yetu asali nyingi hutoka kwenye misitu ya miombo, na jina linalotangulia kutajwa ni Tabora, pamoja na wilaya zake kama Sikonge na Urambo. Mikoa ya Kigoma, Katavi, Singida na mingineyo nayo imo. Huko kurina asali si jambo lililoletwa na mradi. Ni kazi ya mababu. Tangu enzi za Wajerumani nta ya nyuki ilikuwa moja ya bidhaa zilizotoka Tanganyika kwenda nje. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitolewa mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ikafuata mwaka 2002. Waziri Mkuu wa zamani, Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kati ya 2008 na 2015, alijulikana kwa kuihimiza kazi hii na kwa kufuga nyuki yeye mwenyewe.

Mzinga wa asili hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni gogo lililochongwa likawa tupu ndani. Ya pili ni gome la mti, kama mtundu au myombo, linalobanduliwa kuzunguka shina na kukunjwa kama mkeka. Gome likishabanduliwa pande zote, mti hufa. Tafakarini hilo: mti ambao maua yake ndiyo yanayompa nyuki mbochi unauawa ili nyuki apate nyumba. Tena mzinga wenyewe haudumu. Baada ya miaka michache huoza, na mti mwingine unatafutwa.

Lakini tusimcheke anayetumia gome. Gome linamgharimu shoka na jasho tu. Mzinga wa sanduku unataka mbao, misumari na fundi. Anayeanza na mizinga arobaini ya magome hawezi kuamka kesho akawa na masanduku arobaini.

Ubora wa sanduku ni nini? Katika miaka ya 1970 nchini Kenya kulitengenezwa sanduku lililo pana juu na jembamba chini, ambalo juu yake hupangwa vipande vya mbao sambamba. Kila kipande kina upana wa milimita 32. Kipimo hicho hakikuchaguliwa na seremala. Ni nyuki wetu wenyewe wa Afrika ambao hujenga masega yao kwa umbali wa namna hiyo kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Kwa hiyo kila sega huning'inia kwenye ubao wake, nawe unaweza kuliinua, kulitazama, na kulirudisha. Lenye asali iliyofunikwa unalichukua. Lenye majana unaliacha, na nyuki wanaendelea kuzaliana. Katika gogo au gome mrinaji hutumbukiza mkono gizani, na mara nyingi hukata vyote pamoja.

Hata hivyo, sanduku peke yake halileti asali. Pamekuwapo masanduku ya msaada yaliyokabidhiwa kwa hotuba na vigelegele, kisha yakabaki matupu, kwa sababu yalitundikwa mahali pasipo maji wala maua, au mwenyewe hakufundishwa kuyatunza. Nyuki hawasomi hati ya makabidhiano. Wanataka mti unaochanua, maji ya karibu, kivuli, na mzinga uliotundikwa kwa waya ili nyegere asiufikie.

Baada ya asali kuna nta, na hapa, ndugu zangu, tunamwaga mali. Mahali pengi masega yakishakamuliwa hutupwa. Wanaotengeneza wanzuki hutumia utamu na kuyatupa makapi. Lakini ili nyuki watengeneze kilo moja ya nta, inakadiriwa kwamba hula kilo sita hadi nane za asali. Je, ungetupa kitu kilichogharimu hivyo? Katika soko la dunia kilo ya nta kwa kawaida huwa na bei kubwa kuliko kilo ya asali. Huingia katika mishumaa, mafuta ya kujipaka, rangi ya midomo, dawa za kung'arisha viatu na mbao, na hata katika utiaji rangi wa vitenge vya batiki. Mfugaji akikamua kilo kumi za asali kutoka kwenye masega, anaweza kupata nta inayokaribia kilo moja. Na kuitengeneza si kazi ya kiwanda. Masega huoshwa, hutiwa katika sufuria ya aluminiamu yenye maji, huyeyushwa kwa moto wa polepole, kisha huchujwa kwa gunia safi na kuachwa yapoe. Nta huelea juu na kuganda kama sahani. Uchafu hubaki chini yake, nawe unaukwangua. Chombo cha chuma kisitumike kwa sababu huitia nta weusi. Tena nta haina haraka: haiozi, na inaweza kungojea bei.

Viko vingine pia. Iko gundi ya nyuki, ambayo nyuki huiokota kwenye utomvu wa miti na kuzibia nyufa za mzinga; ina uwezo wa kuzuia baadhi ya vijidudu, na hutengenezwa dawa za kupaka na za kooni. Iko chavua, ambayo ni chakula cha kujenga mwili kwa majana. Yako maziwa ya nyuki, ambayo mabuu wote hulishwa kwa siku za mwanzo, lakini atakayekuwa malkia hulishwa hayo mpaka mwisho. Na iko hata sumu ya nyuki. Vyote hivi vina soko, lakini vinataka ujuzi na usafi zaidi, kwa hiyo mfugaji mdogo aanze na asali na nta.

Nami sina budi kutahadharisha, maana siku hizi kila kitokacho mzingani kinatangazwa kuwa kinatibu kila maradhi. Asali hutuliza kikohozi, hilo ni kweli, na hospitali duniani hutumia asali maalumu iliyosafishwa kutibu vidonda. Haitibu kila kitu. Mgonjwa wa kisukari asidanganywe kwamba asali si sukari. Ni sukari, na itapandisha sukari ya damu. Gundi na chavua vinaweza kumdhuru mwenye mzio. Na neno hili naomba kila mama na kila bibi alisikie: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata ncha ya kidole. Asali safi kabisa inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika tumbo la mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka pumzi ikashindwa. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Akishatimiza mwaka, mpe.

La mwisho ni la mizani. Lita moja ya asali haina kilo moja. Ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa kilo 28. Sasa mfanyabiashara akikubaliana bei ya kilo na mrinaji kule kijijini, kisha akaihesabu ndoo kuwa ni kilo 20, amebeba kilo nane bure. Kwa ndoo kumi amebeba kilo 80. Mrinaji amelala msituni, ameumwa, amechanika, na kilo 80 zimekwenda kwa hesabu tu. Dawa yake ni mizani ya kijiji au ya ushirika, na bei itajwe kwa kipimo kile kile kinachotumika kupimia. Wafugaji wakiuza pamoja wanaweza kununua mizani. Akiuza mmoja mmoja, mizani ni ya mnunuzi.

Waswahili husema, fuata nyuki ule asali. Lakini sisi wa mjini hatumfuati nyuki, tunamngojea mchuuzi mlangoni. Basi angalau tuijue asali tunayoila. Tukijua kwamba kuganda si ubovu, mchuuzi hatakuwa na sababu ya kuipika. Tukikataa iliyochacha na yenye moshi, mrinaji ataona faida ya kungojea sega lifunikwe. Na tukiwa tayari kulipa kidogo zaidi kwa asali ya mzinga ambao haukuua mti, huenda wajukuu wetu wakaikuta miombo ikichanua.

Siku ile niliichukua chupa ya jirani yangu, nikaiweka katika sufuria ya maji ya uvuguvugu kibarazani kwake. Tukaongea mambo mengine. Nikayabadili maji mara mbili tatu. Baada ya magharibi asali yote ilikuwa laini, ya rangi ya kahawia, haina hata chembe. Mama akachovya kijiko, akalamba, akanyamaza kidogo.

Kisha akaniuliza, "Sasa yule kijana nitampata wapi nimrudishie fedha zake?"

Sikuwa na jibu. Kama anasoma au anasikiliza, na apite tena mtaani kwetu. Chupa yake inadaiwa.